Mdomo wa Hewa wa Pikapu ya Chunya

Siku mliyoniaga mlinipa kiti cha kuegemea, kikubwa, cha kitambaa cha kijani, na kila mmoja wenu akaniambia nikapumzike. Nimekikalia. Mgongo wangu, ambao miaka yote umeishi umejikunja chini ya maboneti, haukielewi hata kidogo. Basi nimekisogeza mezani nikachukua kalamu, kwa sababu mmekuwa mkiniuliza kwa nini siruhusu gari litoke karakana kabla sijaona linapumulia wapi, nami nilikuwa nawajibu kwa kuwafukuza. Leo nina nafasi ya kujibu vizuri.

Vyeo nitaviruka. Vilikuja vilipojisikia kuja, na hakuna hata kimoja kilichonifundisha kufungua nati.

Nilianzia Iringa mjini, miaka ya sabini ikiwa bado michanga. Nilikuwa msichana kutoka Rungwe, najua Kinyakyusa cha nyumbani na Kiswahili cha shule, na Kihehe changu chote kilikuwa salamu moja tu, "kamwene." Karakana ilikuwa ukingoni mwa kilima, na asubuhi upepo wa bondeni ulikuwa unapiga mabati mpaka mnaongea kwa kupiga kelele. Siku ya kwanza mafundi waliniuliza nimemletea nani chakula. Nikasema nimekuja kazini. Walicheka sana, mmoja akadondosha spana. Asiyecheka alikuwa Fundi Kihwele, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwaka, na ndiye aliyekuwa bingwa wa dizeli pale. Alinitupia ovaroli la kuingia watu wawili.

"Kunja mikono," alisema. "Na miguu. Halafu njoo."

Nilitegemea atanipa injini. Alinipa kopo la chuma jeusi, limejaa mafuta na uchafu.

"Hii inaitwaje?"

"Sijui, Fundi."

"Vizuri. Wanaojua huwa wananisumbua."

Ilikuwa ekilina, chujio la hewa la aina ya zamani. Chini ina bakuli la oili, juu ina nyuzi za chuma. Hewa inashuka, inagonga oili, vumbi linanasa pale, na hewa safi inapanda kwenda kwenye injini. Nilipolifungua bakuli nilikuta tope zito la kutosha kusiriba ukuta. Fundi Kihwele alilichota kwa kidole akaniwekea kiganjani. "Hili lingekuwa ndani ya pistoni," alisema. "Dizeli watu wanailinda kwa sababu wanapanga foleni kuipata. Hewa hawapangi foleni, basi wanaiacha ijitunze yenyewe." Tangu siku ile nikawa mtu wa hewa. Wenzangu walinitania kwamba nimeajiriwa kufua mapua ya magari, na mimi niliyafua vizuri mpaka wakaanza kuniletea ya kwao kwa hiari.

Zana yake kuu haikuwa na jina dukani. Ilikuwa kipande cha hosi ya mpira, ncha moja anaiweka sikioni, nyingine anaipitisha juu ya injini inayonguruma, akitafuta panapovuja. Alinifundisha kusikiliza hivyo hivyo. Jioni za Jumamosi yeye na wenzake walikwenda kunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na mimi walinikaribisha chai. Huko ndiko nilikoona heshima ya watu wa kule: kikombe cha mgeni kinajazwa mpaka kinatetemeka mdomoni, na usipoangalia unajiunguza vidole. Kumwekea mtu nusu ni kumwambia aondoke.

Baadaye mimi na Fundi Kihwele tulihamishiwa Mbeya, kwenye karakana iliyokuwa ikitengeneza magari ya huduma za vijijini. Ndipo alipotujia Sista Atupele.

Alikuwa mkunga wa zahanati moja ya upande wa Chunya, kwenye mashamba ya tumbaku, mwanamke mrefu anayeongea polepole na haondoki mpaka amejibiwa. Huko kwake, mzazi akishindwa kujifungua, msaada ulikuwa hospitali ya Mbeya, na kati ya zahanati na hospitali kuna mlima. Chini ni joto na vumbi jepesi linaloingia mpaka kwenye saa. Juu ni ukungu na baridi. Pikapu yao ya petroli ilikuwa inachoka katikati ya kupanda. Sista alituambia, bila kupandisha sauti, kwamba mzazi mmoja alimfia kwenye kona, gari limezimika, na Mbeya haiko mbali.

"Sitaki gari nzuri," alisema. "Nataka gari inayofika."

Tulikuwa na injini ya dizeli iliyotolewa kwenye mtambo wa barabara uliopinduka, nayo ilikuwa na tabo, kile kifaa kinachotumia nguvu ya moshi kusukuma hewa ndani ya injini. Kwenye mlima wenye hewa nyepesi hakuna kitu bora zaidi. Tuliiingiza kwenye pikapu kwa kukata, kuchomea na kutukanana kidogo. Meneja wa karakana, aliyeipenda pikapu ile kwa safari za ofisi, alikubali kwa sharti moja: ikifeli mlimani, injini inang'olewa na pikapu inarudi kwake. Dereva wa zahanati, Mgaya, kijana mcheshi wa upande wa Njombe, alizunguka gari akichungulia.

"Mmesema ni tabo au tabu?"

"Inategemea dereva," nikamjibu.

Tatizo lilikuwa kwamba ekilina ya injini ile ilipondeka kwenye ajali. Tulikuwa na mapafu makubwa yasiyo na pua. Fundi Kihwele aliniita akaniambia, "Pua utachagua wewe, Sekela. Mimi kazi yangu itakuwa kukukatalia."

Mgaya alitaka tuache bomba wazi, tuweke wavu tu, ili tabo ipige mluzi na watu wa Chunya wajue wanakuja. Nikamwambia watajua mmekuja, ila hawatawaona mkirudi. Tabo ina feni ndogo inayozunguka kwa kasi ya ajabu, na chembe ya mchanga ikiigusa ni kama jiwe kwenye jino.

Mjini kulikuwa na muuzaji wa spea aliyenionyesha chujio la karatasi, jipya, jeupe, limekunjwa vizuri kama sketi ya shule. Nasema wazi, kwa kuchuja lilikuwa bora kuliko vyote. Nililitamani. Lakini miaka ile spea ilikuwa inatafutwa kama ndugu aliyepotea, na karatasi ikijaa vumbi la Chunya unahitaji nyingine, si mwakani, leo. Isitoshe, nilishaona madereva wakifua machujio ya karatasi mtoni na kuyaanika juu ya boneti. Nikalirudisha.

Nikabaki na ekilina ya oili, ambayo unaisafisha kwa dizeli kidogo na kuitilia oili popote ulipo. Kwanza nilifunga ya trekta. Injini ikanguruma vizuri ikiwa imesimama, na ilipovuta mzigo ikatoa moshi mweusi. Tabo inataka hewa nyingi kuliko injini ya kawaida ya ukubwa ule ule, na pua ya trekta ilikuwa nyembamba mno. Nikaenda kuichukua ya lori kuukuu, kubwa kama ndoo, nikaitundika nje ubavuni, mbali na joto la boneti. Hewa ya moto ni nyepesi, na mlima wenyewe ulikuwa umeshatupunguzia ya kutosha.

Kisha tukaja kwenye mdomo, mahali hewa inapoingilia. Mimi nilitaka bomba lipande mpaka juu ya paa, mbali na vumbi. Ndipo Fundi Kihwele alipotimiza ahadi yake.

"Nakataa."

"Kwa nini, Fundi? Juu vumbi ni kidogo."

"Nyoosha mkono wako. Hapo unapofika, hapo ndipo mdomo utakaa. Siku injini ikikataa kuzimika utaizimaje? Kwa maombi?"

Tulibishana asubuhi nzima. Mwishoni nikaweka mdomo usawa wa bega, pembeni ya kioo cha mbele, umeelekea nyuma ili mvua isiingie. Haukuwa juu kama nilivyotaka, lakini nilipoufunga nikasimama mbali na kuutazama, nikaupenda. Hata leo nikifumba macho nauona.

Jaribio la kwanza lilinitia aibu. Tulipoanza kupanda, pikapu ikaishiwa nguvu. Tukisimama na kufungua boneti, kila kitu ni kizima. Tukiondoka, nguvu zinapotea tena. Mgaya akaanza kuimba "tabu, tabu." Nikamwambia ang'oe boneti kabisa, nikakaa juu ya bawa la mbele, nimeshikilia chuma cha kioo cha pembeni, naye akapanda taratibu. Watu wa barabarani walisimama kuangalia mwanamke wa ovaroli amepakatwa na injini. Nikaliona tatizo. Hosi ya mpira kati ya ekilina na tabo ilikuwa inajibana yenyewe kila injini ilipovuta kwa nguvu, kama mrija wa soda mtoto anapofika chini ya chupa, na tukisimama inajirudisha ikawa mviringo, ina sura ya mtu asiyehusika. Nilitoa hosi yote nikaweka bomba la chuma, na mpira mfupi mgumu kwenye maungio tu.

Safari iliyofuata tulipanda bila kusimama. Kwenye ukungu wa juu Mgaya alizima redio yake ya mkononi ili asikilize, maana tabo ilikuwa inapiga mluzi, mwembamba na mtulivu, hata ikiwa na ekilina. Sista Atupele alikuwa katikati yetu. Aliweka mkono juu ya dashibodi kama anavyompima mtu homa.

Pikapu ikaanza kazi, na wazazi wakaanza kufika Mbeya. Baada ya muda nilitumwa zahanati kwenda kuikagua. Nilimkuta Mgaya ameiosha mpaka matairi yanang'aa, na asubuhi ile alikuwa ameshaifanyia usafi ekilina mwenyewe. Nilimsifu. Sikulifungua bakuli, kwa sababu kabla sijanyoosha mkono walifika watu wamembeba mwanamke kwenye machela ya miti, uchungu umemshika tangu juzi yake na mtoto amekaa vibaya. Sista alimtazama mara moja tu.

"Tunakwenda," alisema.

Tulimlaza nyuma juu ya godoro. Mimi na Sista tukakaa naye, na Mgaya akashika usukani. Tambarare tulikwenda vizuri. Mlima ulipoanza kusimama hasa, nikasikia injini ikipandisha sauti bila sababu. Nikadhani ni kubadilisha gia. Sauti ikapanda tena, ikawa yowe, na moshi wa rangi ya buluu ukatufunika. Mgaya alikanyaga breki na klachi, gari likasimama, lakini injini ikazidi kulia.

"Fundi, haizimi!" alipiga kelele. "Nimevuta nobu ya kuzimia, haizimi!"

Nilijua kilichokuwa kikitokea, ingawa nilikuwa sijawahi kukiona. Injini ilikuwa inakunywa oili kutoka kwenye ekilina. Injini ya dizeli ikishapata oili kupitia njia ya hewa haihitaji dizeli tena. Inajilisha yenyewe, inakimbia mpaka inapasuka. Ikipasuka pale, mama yule alikuwa anabaki kwenye kona.

Niliruka chini. Mdomo wa hewa ulikuwa usawa wa bega langu, unavuta kwa nguvu mpaka kola ya ovaroli ikaelekea huko. Ilibidi niuzibe; kitambaa kingemezwa, na mkono sikuuamini.

"Sista, beseni!"

Sista alimwaga maji yaliyokuwamo akanirushia beseni lake la bati. Nikalikandamiza kitako kwenye mdomo wa hewa kwa mikono yote miwili na kifua juu yake. Lilinaswa kwa kishindo. Injini ikatetemeka, ikakohoa, ikanyamaza. Nikawa nasikia pumzi za mama yule nyuma.

Nililifungua bakuli la ekilina. Oili ilikuwa imefika mdomoni kabisa, na kwenye mteremko ilikuwa imelalia upande wa bomba, tabo ikawa inainyonya tu. Ndani ya bakuli kulikuwa na mstari wa alama, na maandishi ya Kiingereza yaliyofutika nusu, chini sana ya pale. Nilimwaga iliyozidi, nikafuta bomba kwa ndani, nikaigusa feni ya tabo kwa kidole. Ilizunguka laini. Tukawasha, ikatoa moshi ikatulia, na tukapanda tukimsikiliza Sista akimbembeleza mama yule kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu, ndaga, tunafika." Hospitalini walimpasua. Mama akapona, na mtoto akalia.

Mgaya nilimkuta nje ameegemea pikapu.

"Niliijazia, fundi," alisema. "Hii gari inabeba mama zetu. Kwetu anayekusaidia unamwekea nusu? Nimejaza kama ya mgeni. Nilitaka kuishukuru."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali, yakaisha yote. Yeye alikuwa ameifanyia gari kile nilichofanyiwa mimi kila Jumamosi kule Iringa.

Meneja alituita. Alikuwa ametulia, na meneja aliyetulia ni wa kuogopwa. Sharti ni sharti, alisema. Injini inang'olewa. Sista Atupele alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, anamtazama Mgaya, Mgaya anatazama sakafu. Fundi Kihwele alivua kofia yake ya sufu, na hiyo ndiyo mara pekee nilipoona kichwa chake.

"Ndugu meneja, pua ilichaguliwa na Sekela. Aseme yeye."

Nikasema injini ni nzima na ekilina ni nzima. Kilichokosekana ni kipimo. Tukimwambia Mgaya ajaze nusu, leo atatii, na keshokutwa moyo wake utakataa. Atakayefuata baada yake pia atakuwa mtu wa huku huku. Tusishindane nao. Nikatoa mfukoni kikombe cha bati nilichokuwa nimekikata kwa mkasi wa mabati na kulehemu mkono wake tena, mpaka kikawa kinachukua oili ile ile inayofika kwenye mstari.

"Kikombe kimoja, ndugu meneja. Kijazwe mpaka mdomoni kabisa, kitetemeke, kisha kimiminwe chote. Atakuwa ameijazia, na bakuli litakuwa mahali pake."

Meneja alikigeuzageuza. "Na akiitilia cha pili?"

"Cha pili cha nini?" Mgaya aliuliza, ameshangaa kweli. "Si cha kwanza kilijaa?"

Meneja alicheka kabla hajajizuia, na mtu akishacheka ofisini kwake ni vigumu kurudi kwenye sharti. Pikapu ikabaki Chunya. Vikombe vya namna ile nilivikata vingi baadaye, vya malori, vya matrekta, vya mashine za kusaga, kuanzia Mbeya mpaka Iringa, na sitaona haya kuwaambia kwamba najivunia vile vikombe kuliko cheti chochote kilichotundikwa ukutani kwangu.

Masika yalipokwisha, Sista Atupele alikuja karakana bila mgonjwa. Tulimsalimia, akatusalimia mmoja mmoja, kisha akafungua begi lake la kazini akatoa shuka jeupe, jipya, limekunjwa na kufungwa kwa uzi. Akamwekea Fundi Kihwele mikononi.

"Kateni matambara ya kufutia oili," alisema.

"Sista, hii mpya kabisa. Ya nini tuichafue?"

"Nilikuwa naibeba kila tukipanda mlima," alisema. "Ya kumfunikia atakayenifia njiani. Safari zote hizi haijafunguliwa."

Fundi Kihwele akaukata uzi kwa meno, akalichana shuka katikati, akanipa kipande changu, nami nikafuta mikono.